Kagera: Mali Inayoondoka Ikiwa Mbichi

Ndugu msomaji, asubuhi hii ya Jumapili, kabla hujaendelea na gazeti lako, hebu itazame meza ya nyumbani kwako. Pengine pana kopo la kahawa ya unga na bakuli la sukari. Jikoni pengine mna ndizi zinazongoja kumenywa kwa chakula cha mchana, na kando yake dagaa au kipande cha sangara. Vitu hivi vyote, ingawa vimekutana katika nyumba ya mfanyakazi wa Dar es Salaam, Tabora au Morogoro, vyaweza kuwa vimetoka katika mkoa mmoja tu, nao ni Kagera.

Walaji wengi hujua hivyo. Jambo ambalo hatulifikirii mara kwa mara ni safari ya vitu hivyo. Kati ya mti wa kahawa na kikombe chako kuna mikono mingi: ya kuchuma, kuanika, kukoboa, kukaanga, kusaga, kufungasha na kuuza. Kila mkono hupata ujira wake. Mkono unaochuma ndio unaotangulia kuchoka, na mara nyingi ndio unaopata kidogo kuliko yote. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini iko hivyo katika mkoa uliojaliwa ardhi, mvua, ziwa na majirani wengi, na ni kitu gani familia ya mjini yenye asili ya huko, au isiyo na asili ya huko, inaweza kufanya.

MKOA WENYE MAJIRANI WENGI

Kagera iko kwenye pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania. Kaskazini inapakana na Uganda, magharibi na Rwanda na Burundi, na mashariki yake ni Ziwa Victoria. Zamani ulijulikana kama Mkoa wa Ziwa Magharibi, na jina la sasa lilitokana na mto Kagera baada ya vita vya 1978 na 1979. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wanaokaribia milioni 3 katika mkoa huo.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, Bukoba ni mbali: ni safari ya takriban kilomita 1,400 kwa barabara. Lakini mtu akisimama Bukoba na kutazama kaskazini, mambo hugeuka. Mpaka wa Mutukula uko kiasi cha kilomita 80, na Kampala ni takriban kilomita 300 tu. Kutoka Rusumo, wilayani Ngara, Kigali ni karibu kuliko Mwanza. Kwa hiyo mkoa ambao kwa ramani ya taifa unaonekana kuwa pembezoni, kwa ramani ya biashara umekaa katikati ya soko. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na Soko la Pamoja mwaka 2010. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na sasa lori litokalo upande wa magharibi halilazimiki tena kungoja kivuko ili kufika Mwanza.

Chini ya ardhi pia pana mali. Wilayani Ngara, mahali paitwapo Kabanga, kuna hazina ya nikeli ambayo Serikali ilitia saini mkataba wake na mwekezaji Januari 2021. Wilayani Kyerwa wachimbaji wadogo huchimba bati. Madini ni neema, lakini yana mwisho wake. Shamba likitunzwa halina mwisho, na ndiyo maana leo tunazungumzia shamba.

KIBANJA HAKIKUJENGWA NA MVUA PEKE YAKE

Mgeni anayefika Bukoba kwa mara ya kwanza huona kijani kila upande na kusema kwamba watu wa huku wamebahatika, wanapanda tu na Mungu anaotesha. Si kweli. Mvua ya kando ya ziwa ni nyingi mno, hata inafika milimita 2,000 kwa mwaka, nayo huosha rutuba ya udongo na kuizamisha. Ushahidi wake ni rweya, yaani mbuga ya majani iliyo kati ya kijiji na kijiji, ambayo huota nyasi na si mengine mengi.

Kijani anachokiona mgeni ni kibanja, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni na maharage huishi pamoja. Kibanja kilitengenezwa kwa mikono. Kizazi baada ya kizazi, nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba, na samadi ya ng'ombe ikabebwa kwa vikapu. Majivu, maganda na mabaki ya jikoni vilirudishwa shambani. Tauni ya ng'ombe ilipofagia mifugo katika miaka ya 1890, vibanja vingi vilikosa samadi. Siku hizi watu wameongezeka, rweya imepungua kwa kugawanywa na kupandwa miti, na ng'ombe ni wachache kuliko mahitaji. Urithi nao hugawanywa, baba mwenye kibanja kimoja akiwaachia watoto watano vipande vitano.

Yafaa mfanyakazi wa mjini alikumbuke jambo hili. Kibanja alichokiacha kwa mama yake hakijitunzi. Miaka michache ya kukosa samadi na matandazo yatosha kuifanya mikungu iliyokuwa ikibebwa na mtu mzima iwe ya kubebwa na mtoto.

KAHAWA: KUTOKA KILO TANO KUPATA MOJA

Watu wa Bukoba hawakufundishwa kahawa na Wazungu. Buni aina ya robusta iliota katika nchi hiyo kabla ya ukoloni, nao Wahaya walikuwa na namna yao ya kuisindika: walichuma punje, wakazichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, kisha wakazitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa hiyo. Punje mbili zilizolala ndani ya tunda moja zilitumika katika kufunga undugu wa damu. Kahawa ya kutafuna ilisafirishwa na kuuzwa katika nchi za jirani. Basi usindikaji katika Kagera ni jambo la kale, na uuzaji wa kahawa ghafi kwa magunia ndio mgeni.

Leo Kagera ndiyo kitovu cha robusta nchini, ingawa arabika pia hulimwa. Wakulima walio wengi huanika matunda mazima mpaka yakakauka, na hiyo ndiyo inayoitwa kahawa ya maganda. Tuifuate kwa hesabu ya kilo, maana hesabu hiyo haibadiliki bei inapopanda wala inaposhuka.

Kilo 2 za kahawa ya maganda zikikobolewa hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi. Kahawa safi ikikaangwa hupoteza maji na uzito, hata inahitajika kilo 1.19 kupata kilo 1 iliyokaangwa. Na ili kupata kilo 1 ya kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji ya moto, zinahitajika kilo 2.6 za kahawa safi. Kwa maneno mengine, kilo 1 iliyomo katika makopo ya dukani ilianza kama kilo 5 na ziada za kahawa ya maganda mgongoni mwa mkulima.

Sasa chukua penseli, ndugu msomaji. Angalia bei ya kopo lako na uzito ulioandikwa ubavuni mwake, upate bei ya kilo nzima. Kisha mpigie simu ndugu yako aliyeko Kagera, umwulize bei ya kilo ya maganda msimu huu, uizidishe mara 5. Tofauti utakayoiona si faida tupu. Ndani yake mna umeme, mitambo, makopo, usafiri, kodi na mishahara. Lakini mishahara hiyo ndiyo hasa tunayoizungumzia. Kahawa inapoondoka ikiwa ghafi, iwe inakwenda Ulaya kwa meli au inavuka mto usiku kwa baiskeli, mishahara hiyo huondoka pamoja nayo na kulipwa kwa vijana wa mahali pengine.

Bukoba imekuwa na kiwanda cha kahawa ya unga, TANICA, tangu miaka ya 1960. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, ambacho chanzo chake ni chama cha wakulima wa Bukoba kilichoandikishwa mwaka 1950, ni miongoni mwa wenye hisa kubwa katika kiwanda hicho. Hili ni jambo la kujivunia, kwani ni nadra katika Afrika mkulima wa kahawa kuwa na hisa katika kiwanda kinachoitia kahawa yake ndani ya kopo. Hata hivyo kiwanda cha aina hiyo ni ghali kukiendesha. Chahitaji joto jingi, mitambo inayozeeka, na zaidi ya yote, wanywaji. Hapo ndipo tunapojikwaa. Ethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa inayoilima. Sisi Watanzania sehemu kubwa mno ya kahawa yetu tunaiuza nje, kisha tunakunywa chai.

BUTURA: KUUZA MAUA

Liko neno moja ambalo kila mtu wa Kagera analijua, nalo ni butura. Maana yake ni kuuza kahawa ingali maua au punje changa mtini. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini haijaisha, kwa sababu shida inayoizaa haijaisha.

Tuseme yupo mama mjane mwenye kibanja chenye mibuni. Mavuno huanza takriban mwezi Mei. Lakini mjukuu anahitaji sare na daftari mwezi Januari, na Februari mtu wa nyumbani anaugua. Mwenye fedha anakuja na lugha tamu, anatazama mibuni, anatoa thamani ya gunia moja, na makubaliano ni kwamba mwezi Juni atachukua magunia mawili. Mama anapokea. Kisha anampigia simu mwanawe aliyeko Dar es Salaam.

"Mwanangu, usihangaike tena na ile habari ya sare. Nimekwisha pata fedha ya kahawa."

"Kahawa gani, mama? Huu ni mwezi wa kwanza."

Mama ananyamaza kidogo, kisha anauliza hali ya wajukuu wa mjini.

Huo ni mfano tu, lakini ni vigumu kumpata mtu wa Bukoba ambaye hajausikia. Hebu tuupime. Kukopa gunia moja na kulipa mawili baada ya miezi mitano ni riba ya asilimia 100. Hakuna benki inayothubutu kutoza hivyo. Na madhara hayaishii kwenye fedha. Mkulima aliyekwisha uza maua hana sababu ya kungoja tunda liive, kwa kuwa si lake tena. Huchuma mabichi pamoja na mabivu, akaanika kwenye udongo mtupu. Kahawa hiyo hukauka vibaya, hushika uvundo na harufu ya vumbi, ikaharibu jina la kahawa ya jirani yake aliyengoja.

Tangu mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na baadaye minada ikaletwa karibu na wakulima. Nia ilikuwa kumkinga mkulima dhidi ya wanunuzi wa butura. Lakini pale malipo yalipochelewa au makato yalipozidi, wako waliovusha kahawa kwa magendo, ama Mutukula ama Murongo, wakifuata fedha taslimu ng'ambo. Ni kosa kisheria, wala hatulitetei. Ila yafaa tuseme ukweli kwamba magendo hayamalizwi na askari peke yao. Mkulima anayelipwa siku ile ile, kwa mizani asiyoitilia shaka, hana haja ya kuvuka mto usiku.

Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilipanda kufikia viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa miongo mingi. Aliyekuwa na kahawa ghalani alifurahi, na aliyeiuza ikiwa maua alibaki mtazamaji.

NDIZI: LORI LINALOBEBA MAGANDA

Baada ya kahawa ni ndizi, ambayo kwa Mhaya ndicho chakula chenyewe, na vingine ni kitoweo. Mkungu uliokatwa hauna subira, kwani baada ya wiki moja hivi huanza kuiva. Tena katika uzito wa mkungu mzima, sehemu inayokaribia nusu ni maganda na kikonyo chake. Lori linapotoka Muleba au Karagwe kwenda mbali limebeba taka nyingi pamoja na chakula, na mlaji wa mjini hulipia nauli ya vyote viwili.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Ndizi mbichi zikimenywa, zikakatwa vipande vyembamba na kukaushwa juu ya vichanja safi, husagwa zikawa unga wa uji na mkate. Kilo 3 hadi 4 za ndizi zilizomenywa hutoa takriban kilo 1 ya unga, na unga huo hukaa miezi badala ya siku. Ndizi mbivu nazo Wahaya wamezisindika tangu zamani. Walizikanyaga pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, wakachuja maji yake matamu, wakachanganya na mtama uliokaangwa, na kesho yake ikawa rubisi. Mvinyo wa ndizi unaofungwa katika chupa leo ni mjukuu wa rubisi.

Lakini hapana kiwanda kinachoweza kusindika migomba iliyokufa. Mwaka 2006 ulithibitishwa Kagera ugonjwa wa mnyauko wa migomba, uletwao na bakteria. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani yake huwa na rangi ya kutu, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Hakuna dawa ya kunyunyiza. Iko njia ya usafi tu, nayo haigharimu fedha. Kwanza, ua dume linalobaki kuning'inia chini ya mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu chana cha mwisho kinapotokea, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa kupitia hapo. Pili, panga lipitishwe kwenye moto au dawa ya klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Tatu, mgomba ulioonyesha dalili ukatwe mara moja. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, kimeshughulika na migomba kwa miaka mingi, na aina mpya zenye kustahimili magonjwa na udongo dhaifu zilisambazwa mkoani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ewe uliye mjini, ukienda nyumbani kwa likizo, usishike panga la jirani na kuingia nalo moja kwa moja katika kibanja cha mama yako. Waliouingiza ugonjwa kwa namna hiyo hawakukusudia.

ZIWA NA MAFUNZO YAKE

Ziwa Victoria limekwisha tufundisha maana ya usindikaji, kwa uzuri na kwa uchungu. Sangara si mwenyeji wa ziwa hilo, kwani aliletwa katika miaka ya 1950. Kuanzia miaka ya 1990 vilijengwa viwanda vya minofu kandokando ya ziwa: Mwanza, Musoma na Bukoba. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Zaidi ya nusu ya samaki ilibaki, nayo watu wakaiita mapanki: kichwa, mifupa na mkia, vikakaangwa na kuliwa na wenye kipato kidogo. Kati ya 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango wake zaidi ya mara moja kwa sababu za usafi na hofu ya sumu katika uvuvi. Viwanda vikasimama na vibarua wakarudi nyumbani. Mlango ulifunguliwa tena baada ya mialo, maji na maabara kurekebishwa. Funzo hapo ni kwamba chakula kilichosindikwa kina faida kubwa, lakini uchafu wa siku moja waweza kuifuta faida ya mwaka.

Dagaa nao wanangoja akili hiyo hiyo. Wakianikwa juu ya mchanga, mlaji hutafuna mchanga, na mvua ikinyesha hugeuka chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya kichanja cha wavu, kilichoinuliwa kutoka ardhini, hukauka upesi, hubaki na rangi yao ya fedha, na bei yake ni nyingine. Kichanja ni miti na wavu tu, wala hakihitaji mkopo wa benki.

SUKARI, VANILA NA SENENE

Mfano wa kiwanda kikubwa upo Missenyi. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliharibiwa katika uvamizi wa majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, kikajengwa upya, kikadhoofika, kikabinafsishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kufufuka. Kwa makadirio ya kawaida, tani 10 za miwa hutoa takriban tani 1 ya sukari. Makapi huwasha tanuri, na molasi hulisha mifugo. Kwa kuwa muwa huanza kupoteza sukari yake mara unapokatwa, hauwezi kusafirishwa mbali, na kwa sababu hiyo kiwanda hulazimika kukaa shambani. Kahawa haina kizuizi hicho, hukaa ghalani na kuvumilia meli, na pengine ndiyo maana tumeiachia isafiri ikiwa ghafi.

Vanila ni zao dogo lenye fundisho kubwa. Ua lake hufunguka siku moja tu, nalo lazima lichavushwe kwa mkono, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion. Ganda hukomaa baada ya miezi minane au tisa, kisha hupashwa joto, hutolewa jasho na kukaushwa kwa miezi. Kilo 5 hadi 6 mbichi hutoa kilo 1 iliyo tayari. Wakulima wa Bukoba walioingia katika zao hilo wameona bei ikipaa hadi mwaka 2004 na kuanguka vibaya mwaka uliofuata. Kwa hiyo vanila ipandwe kando ya migomba, isipandwe mahali pa migomba. Zao la biashara lisilolika ni hatari kwa familia iliyong'oa chakula chake.

Na senene je? Mdudu huyu, ambaye hushuka kwa makundi hasa Novemba na Desemba, ndiye kiburi cha kila Mhaya aliye ugenini. Hukamatwa usiku kwa taa kali na mabati, hunyonyolewa mbawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe au kukaushwa kwa moshi. Katika mila za zamani mwanamke aliwakamata na kuwaandaa, lakini mlaji alikuwa mwanamume. Leo akina mama ndio wenye biashara hiyo, na mifuko ya senene husafiri kwa basi na ndege. Kinachokosekana ni mfuko uliozibwa vizuri, wenye tarehe na alama ya ubora, unaoweza kukaa rafuni mpaka Machi.

LA KUFANYA NYUMBANI

Pengine utasema, ndugu msomaji, kwamba viwanda ni kazi ya Serikali na matajiri. Sehemu yake ni kweli. Lakini tumeona kwamba hasara nyingi hutokea kabla kiwanda hakijafikiwa: kwenye ua lililouzwa, kwenye udongo ulioanikwa kahawa, kwenye panga lisilopitishwa motoni na kwenye mchanga wa dagaa. Hizo ni hasara za nyumbani, na nyumbani ndipo zinapoweza kuzuiwa.

Jambo la kwanza ni majira ya fedha. Wengi wetu hutuma fedha kijijini Desemba kwa sikukuu, kisha hunyamaza mpaka kuwe na ugonjwa. Januari hadi Aprili ndiyo miezi ya njaa ya fedha katika nchi ya kahawa, na ndiyo miezi ya butura. Kiasi kidogo kinachotumwa kila mwezi katika kipindi hicho, hata kama kwa kupunguza matumizi ya sikukuu, chaweza kuokoa magunia. Mama asipouza maua mwezi wa kwanza, mwezi wa sita atauza kahawa.

La pili ni turubai. Badala ya kitenge cha tatu, mpelekee mzazi turubai moja la kuanikia, au umjengee kichanja. Matunda mekundu yaliyochumwa peke yake, yakaanikwa juu ya kitu safi na kugeuzwa kila siku mpaka yakauke kabisa, hupata mnunuzi bila kubembeleza.

La tatu ni umoja. Mtu mmoja hawezi kununua mashine ya kukausha ndizi wala ya kukoboa kahawa, lakini familia kumi zenye watoto mjini zinaweza. Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji na kusaidia kupata mashine. Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 linasimamia pia usalama wa chakula, ndilo litoalo alama ya ubora. Bila alama hiyo ni vigumu kwa unga wa ndizi kupata soko ng'ambo ya Mutukula, na ukiwa nayo soko la Kampala na Kigali liko karibu kuliko Kariakoo.

La nne ni daftari. Chama cha msingi chenye wanachama wasiosoma hesabu zake ni rahisi kuibiwa. Ukiwa nyumbani, kaa na mzazi wako, umsomee stakabadhi zake. Mwulize alipeleka kilo ngapi, akalipwa ngapi, na makato yalikuwa ya nini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La mwisho ni kikombe chako mwenyewe. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Walaji wengi wakikunywa kahawa iliyokaangwa na kusagwa nchini, kiwanda kitapata sababu ya kuongeza zamu, na mkulima atapata mnunuzi asiyelazimika kuvuka bahari.

Kama maji yamechemka, basi, weka kijiko kimoja na usikoroge haraka. Halafu mpigie simu mama, ukamwulize mibuni imeanza kutoa maua au bado, na kama imeanza, ni nani aliyekwisha kuja kuitazama.